Upinde Uliopakwa Mawese Siku ya Arusi

Ijumaa, asubuhi. Mfungo Mosi uko ukingoni.

Mvua ilitishia tangu alfajiri. Ilinguruma, ikalichafua jua, halafu ikaona haya, ikavuka ziwa ikaenda zake Ubwari. Sawa. Iwanyeshee wao. Sisi leo tuna arusi.

Daftari langu, mkono unatetemeka, na usiseme ni uzee. Uzee wangu unakaa magotini, mikononi haujafika. Leo natetemeka kwa furaha, kama kuku aliyekuta mlango wa ghala wazi na mwenye ghala amelala.

Leo napiga fidla mbele ya watu.

Si mbele ya mbuzi wangu, ambaye ameshazoea na huendelea kutafuna. Si mbele ya ukuta. Mbele ya watu wenye masikio, waliovaa kanzu safi na kushiba wali.

Mjukuu wangu Zaina anaolewa. Bwana arusi ni fundi wa mitumbwi wa Ujiji, mpole, ana masikio makubwa. Yeye sina neno naye. Neno ninalo na jamaa zake. Walifika juzi na mikeka yao, vyungu vyao, na hata chumvi yao, kana kwamba sisi wa Rumonge hatujawahi kuionja. Anayewaongoza ni bibi yake bwana arusi, Bi Tausi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kunadi samaki. Aliposhuka mtumbwini alinusa kushoto, akanusa kulia, akasema watu wote wakimsikia: "Kumbe ni kweli. Hapa hata upepo umekaangwa kwa mawese."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, maana hakusema uongo. Lakini moyoni nilisema, ngoja Ijumaa, mama.

Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu. Ni utani, kila mtu anajua, lakini utani wenye kazi zake. Zaina akiwa mdogo alinipikia uji wa udongo, nikaula kwa mdomo wa uongo, nikamsifu. Siku anapoolewa, babu hukaa mlangoni pa chumba cha bibi arusi akalia kwamba ameporwa mke, wala hasogei mpaka upande wa pili wambembeleze na kumvisha kilemba kipya. Nimeona wazee wakilia kila namna. Mmoja wa Gatete alijigaragaza vizuri sana, mpaka akasahau kuwa anatania, ikabidi apewe maji na kupepewa.

Mimi nimeamua sitalia kwa mdomo. Fidla italia badala yangu.

Hapo ndipo binti yangu Mwavita, mama yake Zaina, alipoweka mikono kiunoni.

"Baba, wimbo mmoja. Mumoja tu. Wakicheka maneno yako, sawa, ndiyo kazi yako. Lakini wakicheka wakati hiyo fidla inalia, wallahi naitia jikoni, naipikia maharage."

"Na wasipocheka?"

"Wasipocheka, piga mpaka ufe. Sitasema neno tena."

Nikaapa. Mbele ya mashahidi, kwa kuwa mimi ni mjinga. Mwavita hajawahi kutishia jambo asilolifanya. Ningekuambia umuulize jogoo wangu wa zamani, lakini tulimla.

Kwa hiyo leo ama fidla yangu inapata amani ya maisha, ama inaivisha maharage. Ndiyo maana natetemeka, na bado nasema ni furaha.

Fidla yenyewe niliipata kwa kuvunjika mguu. Zamani nilikuwa mpagazi. Karibu na Usumbura niliteleza na mzigo, mguu ukalia ka! kama kuni kavu. Wakanipeleka bomani kwa daktari Mdachi ambaye tulimwita Bwana Miwani. Akanifunga mbao, akaniambia nilale miezi mitatu. Kila jioni alikaa karibu na kitanda changu akapiga fidla. Siku ya kwanza nilimwambia inaonekana anamkata mbuzi kwa msumeno na mbuzi bado yu hai. Hakukasirika. Alinitia ile fidla mikononi, akasema, "Haya, mkate wewe."

Nilimkata. Alilia vibaya. Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikalia naye kwa utamu.

Bwana Miwani alinifundisha noti kutoka kitabu chake, ukurasa kwa ukurasa, mpaka tulipofika ukurasa wa kumi na mbili. Hapo akaitwa kwao Ulaya. Aliniachia fidla, kitabu, donge la utomvu la kupaka upinde, na wewe daftari na wenzako. Ndiyo sababu elimu yangu inaishia ukurasa wa kumi na mbili. Wengine wana elimu inayoishia kwenye kichwa. Yangu ina namba.

Noti ni rahisi, usiogope. Mzungu huchora mistari mitano kama kamba za kuanikia nguo, halafu hutundika matunda. Tunda jeupe, tupu kama yai, unavuta upinde polepole. Tunda jeusi kama chikichi lililoiva, unatembea. Chikichi likiota mkia, unakimbia. Likiota mikia miwili, unakimbia kama mtu aliyemwona askari wa kodi akipanda njia. Hiyo mikia miwili inaanza ukurasa wa kumi na tatu, kwa hiyo nimejifundisha mwenyewe, na kwa hiyo sikimbii vizuri.

Tena kuna kofia. Kofia ndogo nyeusi, imekaa juu ya mstari bila kichwa ndani. Maana yake: nyamaza, hesabu moja, mbili, ndipo uendelee. Bwana Miwani alinisumbua sana kwa hiyo kofia. Nilimwambia, "Bwana Daktari, mimi nikinyamaza watu huleta sanda." Mpaka leo kofia naipita mbio. Siwezi. Nikiona nafasi tupu nataka kuijaza.

Anayenirudisha ni Zaina. Chumba chake na changu vinapakana, ukuta mmoja wa udongo, nguzo katikati. Tangu akiwa na miaka sita, nikiruka kofia, hugonga nguzo kutoka upande wake: ngo, ngo. Moja, mbili. Hajui noti hata moja. Anajua tu kwamba mahali fulani babu yake hukimbia bila sababu, na kwamba hakuna mtu mwingine katika nyumba mwenye ujasiri wa kumkamata.

Sasa, kuchagua wimbo. Daftari, hakuna raha kama hii. Posa ilipokubaliwa nilikaa wiki nzima na kitabu magotini, nikilamba kidole, nikifungua kurasa kama tajiri anayechagua vitambaa. Ninachofanya kwanza ni kuhesabu mikia. Ikizidi vidole vyangu nafunga ukurasa na kusema wimbo huo haukuwa mzuri.

Kuna ule wa ukurasa wa tisa, wa kutembea askari. Naupiga bila kukosea. Mwavita akaukataa: kila akiusikia anataka kuficha kuku. Kuna wa ukurasa wa kumi na moja, wa huzuni. Nilimpigia rafiki yangu Bucumi wa Kizuka, mkamua mawese, mzee kama mimi. Alisikiliza kichwa chini, nilipomaliza akauliza, "Nani amekufa?"

Bucumi mwenyewe ni mpiga inanga. Huilaza mapajani, huzitekenya nyuzi zake, hunong'ona maneno yake ya Kirundi mpaka unasogea karibu usikie, na ukishasogea umekamatwa. Karatasi zangu humchekesha.

"Wimbo yako iko mu karatasi, mugenzi. Yangu iko mu tumbo. Mbuzi akikula karatasi, utapiga nini?"

"Nitamchinja mbuzi, nimpige yeye."

Na sikumdanganya. Nyuzi mbili za fidla yangu ni utumbo wa mbuzi, nimesokota mwenyewe.

Mwisho nikachagua namba kumi na saba. Ndiyo, iko mbele ya ukurasa wa kumi na mbili. Ndiyo, ina mikia miwili, tena mingi, imesongamana kama ndagala kwenye wavu. Lakini usikie ilivyo! Inaanza kama mtu aliyeporwa mke, inaisha kama mtu aliyepata mwingine. Nani mwingine ameandika wimbo wa babu mlangoni kama si huyu Mzungu ambaye hakuwahi kuniona?

Nimeifanyia mazoezi miezi mitatu. Vipande vinne kwa siku, polepole kama konokono, kisha kama kobe, kisha kama mimi. Ramadhani yote sikugusa upinde mchana. Nilibonyeza nyuzi kwa vidole tu, kimya, wimbo ukiendelea kichwani, na watu wakidhani namfanyia fidla dua. Juzi niliipiga nzima bila kusimama. Mbuzi aliacha kutafuna.

Nasikia hodi. Ni Bucumi, ameleta mawese ya arusi. Naacha hapa, nikaoge. Nikirudi nitaandika ushindi wangu.


Ijumaa hiyohiyo, jua la utosi.

Daftari, nimeangamia.

Nilikwenda kuoga. Bucumi akakaa barazani na mitungi yake, akinisubiri. Pembeni yake, juu ya mkeka, upinde wangu wa fidla, nywele zimelegezwa, nyeupe kwa vumbi la ubani.

Ubani, kwa sababu donge la Bwana Miwani liliisha zamani, na upinde unaishi kwa kukwaruza. Nywele zisiponata kwenye nyuzi, hakuna sauti. Nilijaribu nta, nilijaribu utomvu wa miti mitatu, mwisho nikaangukia ubani ule ule wa chetezo. Ndiyo maana nikipiga sana nyumba inanukia kama maulidi.

Bucumi hayo hakuyajua. Aliona nywele kavu, zimechakaa, zimejaa vumbi. Akaona huruma. Kule kwao Kizuka kila kilichokauka dawa yake ni moja. Mlango ukilia, mawese. Ngozi ya ngoma ikikakamaa, mawese. Mtoto akitoka kuoga, mawese, kichwa mpaka kisigino. Rafiki yangu akafungua mtungi wa mawese ya kwanza, yale mazito mekundu aliyoweka kwa ajili ya wali wa wakwe, akachovya vidole, akaupaka upinde wangu unywele kwa unywele, ncha hadi ncha, kwa mapenzi.

Nikarudi naona upinde unang'aa kama pua ya mwizi wa nyama.

"Muzee," akasema, anatabasamu mpaka jino lake la mwisho, "nimekusaidia. Ilikuwa imekauka sana. Nimetia ile ya kwanza, siyo ile ya kuuza."

Nilivuta upinde. Uliteleza juu ya nyuzi kama kambare mkononi. Hakuna sauti. Hata mkwaruzo haukutoka.

Nilikuwa na matusi tayari, daftari. Matusi ya kipagazi, yale tuliyokuwa tukiimba kwenye mlima. Nikafungua mdomo. Nikaona yale macho yake, na vidole vyekundu.

Nikamshukuru kwa Kirundi chake, "Murakoze, mugenzi." Kisha nikakaa chini.

Akajua. Mpiga inanga hahitaji kuelezwa mara mbili. Aliugusa uzi, akaugusa upinde, akashika kichwa kwa mikono miwili na kukipaka mawese nacho. Halafu akakimbia, mzee yule, magoti nje, akarudi na kipande cha sabuni nyeusi. Unajua sabuni hiyo imetengenezwa kwa nini? Mawese na jivu. Tumeosha mawese kwa mawese. Mara ya kwanza povu likatoka jekundu. Mara ya pili rangi ya chungwa. Mara ya nne maji yakawa maji.

Nywele zenyewe ni za mkia wa farasi, na Rumonge nzima hakuna farasi hata wa kuchorwa. Kwa hiyo tuliziosha kama tunaosha maiti ya sultani, unywele mmoja mmoja. Mwavita akapita na sinia kichwani.

"Baba, munaosha nini?"

"Ndevu za bwana arusi."

Aliangalia maji, akaangalia mitungi, akaangalia vidole vya Bucumi. Alipita jikoni na nikasikia akipanga kuni.

Tumeanika upinde juani. Bucumi aliupepea kwa jani la mgomba huku akiuimbia kwa kunong'ona. Nimepaka ubani, nimejaribu. Habari ndiyo hii: nikivuta polepole, upinde mzima, kwa kuukandamiza kidogo, inatoka sauti. Nyembamba, ina unyevu, kama mtu anayeongea baada ya kulia. Nikikimbia tu, inateleza. Kwenye mkia wa kwanza wa namba kumi na saba, kimya. Mkia wa pili, kimya. Miezi mitatu yangu imezama katika mafuta.

Nimefungua kitabu tena, sasa nikirudi nyuma. Kumi na moja, ina machikichi mengi. Tisa, hapana. Saba, hapana. Nne, labda, hapana. Natafuta wimbo wa mayai matupu, mayai tu, wa kuvuta polepole.

Uko mmoja. Ukurasa wa kwanza.

Naona haya kuandika. Ndio wimbo Bwana Miwani alionipa siku ya pili, mistari miwili, mayai kumi na kitu, kofia moja katikati. Ni wa kufundishia watoto wao wasiojua bado kuvaa viatu. Mwavita aliposhikwa na homa kali baada ya kujifungua, mimi ndiye niliyekaa na kichanga usiku na mchana, na wimbo mwingine wa kumlaza sikuujua. Nikampigia huo Zaina mpaka akalala. Akalala kwa huo miaka miwili. Nikaapa nikijua mwingine sitaurudia tena mbele ya mtu.

Watu wa Ujiji, na wimbo wa kichanga.

Adhana ya alasiri. Naenda. Kama kurasa zinazofuata ni tupu, ujue nimejificha Kizuka.


Ijumaa, kabla ya magharibi.

Nimerudi! Nimevaa kilemba. Ngoja nipumue.

Nikaketi kwenye kigoda mlangoni, mlango wa chumba cha Zaina umefungwa nyuma yangu, fidla kifuani. Ua umejaa. Bwana arusi amesimama katikati na masikio yake. Mbele yake Bi Tausi, kilemba kipya mkononi, anakipeperusha kama anamwita ndege.

"Haya, babu, lia tukuone! Tumesikia Rumonge wanajua kukaanga. Kulia wanajua?"

"Nitaacha kulia ukinirudishia mke."

"Na mimi nani anirudishie mume? Huyu kijana nilimwogesha mimi, amelala mgongoni kwangu, leo ananiacha kwa ajili ya huyo mtoto wako. Mimi nimelia safari nzima, ziwa limeongezeka maji!"

"Na wangu nilimlaza kwa wimbo wa fidla hii. Basi wote tumeachwa. Tuoane sisi."

"Kwa mavazi hayo?"

Watu hoi. Mwavita kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi, hacheki. Bucumi nyuma kabisa, vidole ameficha kwapani.

Nikainua upinde. Ua ukanyamaza, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu watu wengi hivyo kunyamaza kwa ajili yangu nikiwa hai.

Nikavuta yai la kwanza. Likatoka. Jembamba, lenye unyevu, lakini halikuvunjika. La pili. La tatu. Nilivuta kama mtu anayemvuta ndama kisimani, bila haraka, kwa kuwa haraka ingenitelezesha. Na daftari, nakuambia kweli, sijawahi kuusikia wimbo ule. Nimeupiga mara elfu na sijawahi kuusikia. Siku zote nilikuwa nautumia kufika kwingine.

Nikaona uso wa Bi Tausi umeshuka. Kilemba kimetulia mkononi. Nikafurahi. Nikafurahi kupita kiasi. Kichwa kikavimba, nikaona kama nina farasi mzima mkononi, na mbele yangu ikaja ile kofia.

Nikaipita mbio, kama kawaida yangu.

Nyuma yangu, ndani ya chumba, kwenye ubao wa mlango:

Ngo, ngo.

Bibi arusi! Bibi arusi ambaye hapaswi hata kukohoa mpaka atolewe! Amefunikwa leso, amepakwa hina, mashangazi wawili wamemshika mikono, na bado amenyoosha kisigino, kidole, sijui nini, akagonga. Kila mtu akasikia. Mkono wangu ukasimama wenyewe, upinde hewani. Moja. Mbili.

Na ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Bi Tausi alicheka mpaka akaegemea mjukuu wake. "Hata ndani ya chumba anamtawala! Babu, ulikuwa na mke kweli!"

Nikarudia pale nilipokosea. Nikavuta mayai yaliyobaki, moja moja, watu wakifuta macho, wengine kwa kicheko, wengine sikuuliza. Bi Tausi akaja akapiga magoti mbele yangu, mwanamke mrefu vile, akanivisha kilemba kwa mikono yake, akasema polepole kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Kule kwetu nitamlaza mimi. Lakini wimbo huo siujui."

Nikasogea. Mlango ukafunguliwa. Zaina akapita karibu yangu, uso umefunikwa, akanifinya sikio.

Jamaa za mumewe wamempeleka kwenye nyumba waliyofikia. Kesho wanapanda mitumbwi kuelekea Ujiji.

Ua ulipopungua watu, Mwavita akaja. Mikono kiunoni, mwiko kiunoni.

"Walicheka, Baba."

"Walicheka."

"Wakati fidla inalia."

"Hapana," nikasema. "Wakati fidla imenyamaza. Kofia ilikuwa juu ya mstari. Njoo nikuonyeshe ukurasa."

Nikamwonyesha. Aliinama, akaiangalia ile kofia kwa muda mrefu, yeye ambaye hajawahi kukubali kukigusa kitabu hicho. Akaweka kidole juu yake.

"Hii ndiyo alikuwa anagonga? Miaka yote?"

"Hii."

"Nilidhani anaua mende."

Akaenda zake jikoni. Nilisikiliza. Sikusikia kitu cha mbao kikivunjwa.

Bucumi ameondoka na mitungi mitupu. Ameahidi kwamba hatagusa tena chochote changu kilichokauka, hata mimi. Nikamwambia njoo Jumapili na inanga, tujaribu huo wimbo wa mayai pamoja, wewe unong'one, mimi nivute. Kwa upinde ule, namba kumi na saba itangoja mpaka nywele zikauke kabisa. Nimeshaanza kuhesabu mikia yake tena, siwezi kujizuia.

Kabla ya kukuandikia nimekaa hapa chumbani, nguzo upande huu, chumba kitupu upande ule, nikapiga ukurasa wa kwanza peke yangu. Nilifika kwenye kofia nikairuka. Makusudi au siyo makusudi, sijui, usiniulize.

Nguzo ikakaa kimya.

Nikaendelea. Mstari wa pili, nikiwa nimeshapita, nikiwa sahihi kabisa, yai limekaa mahali pake sawasawa, mara nikasikia jikoni mwiko juu ya chungu: ngo, ngo.

Amechelewa mstari mzima. Pale hapana kofia wala kilemba.

Nikanyamaza pale pale alipotaka yeye. Nikahesabu moja, mbili, nikaendelea.